Kutafuta Kona: Mwongozo kwa Mwenye Gari la Spoti Anayelala Kariakoo

Kama unaishi Mtaa wa Sikukuu au Narung'ombe na una Altezza, Impreza au Toyota 86 uliyoitoa bandarini kwa jasho, tatizo unalijua. Gari lina gia sita, Kariakoo inakupa moja na nusu. Ukitoka getini unakutana na mkokoteni wa marobota. Mbele bajaji inageuza katikati ya Mtaa wa Swahili, mmachinga kapanga viatu mpaka kwenye lami, na ukifika Msimbazi sehemu kubwa ya barabara ni ya mwendokasi. Gari linashinda wiki nzima chini ya turubai, na likitoka ni kwenda kuoshwa.

Wengi hulitibu tatizo hili vibaya. Jumamosi wanashika Barabara ya Morogoro, wanakanyaga mafuta mpaka Chalinze, wanakula nyama choma na kurudi na faini mkononi, elfu thelathini kwa kila kosa, pamoja na maumivu ya mgongo. Barabara hiyo imenyooka, na katika barabara iliyonyooka gari lako halina cha kuizidi Noah ya harusi: kinachopimwa pale ni mguu, na kila mtu ana mguu. Stelingi, breki, matairi na ule urefu mdogo wa gari uliolipia hela vinaonekana kwenye kona tu. Kona ina fadhila nyingine pia. Raha yake inapatikana kwenye kilomita 40 au 50 kwa saa, mwendo ambao tochi ya trafiki haina neno nao. Kwa hiyo usitafute barabara ndefu wala iliyo tupu. Tafuta iliyojikunja.

Zinapatikana wapi? Pwani yetu ni tambarare, na mhandisi akiona tambarare hupiga mstari. Kona hutokea pale aliposhindwa: penye mlima, penye bonde la mto, penye msitu asioruhusiwa kuukata, au penye njia ya zamani iliyochongwa kabla ya mashine kubwa. Fungua ramani ya satelaiti kwenye simu, uanzie Posta na kwenda nje polepole. Kusini, Barabara ya Kilwa inaelekea Rufiji bila kujikunja sana. Magharibi inakwenda Barabara ya Morogoro, ambayo kipande chake cha Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, kimetanuliwa kuwa njia nane. Hakuna chako huko. Lakini kusini-magharibi utaona kijani cha vilima vya Pugu na mstari unaochezacheza ndani yake. Kaskazini, mbali, utaona Usambara, na pale mstari unakunjika mpaka unaonekana kama utumbo wa kuku. Hizo ndizo za kwako.

Ramani haitoshi. Inaonyesha umbo, haionyeshi hali. Na kona hufa: pale Wami, kati ya Chalinze na Segera, palikuwa na mteremko na daraja jembamba lililopitisha gari moja moja. Daraja jipya la zaidi ya mita 500 lilipoanza kutumika 2022, njia ilinyooshwa. Dereva wa basi anashukuru, na ana haki. Wewe tu ndiye uliyepoteza kitu.

Hapa ndipo kukaa Kariakoo kunapokufaa. Mtu anayeijua barabara ya mlimani kuliko wote hayupo kwenye simu yako, yupo sokoni usiku. Kabichi, karoti na viazi vingi unavyoviona katika masoko ya Kariakoo, Ilala na Mabibo vimeteremka kutoka Lushoto kwenye Fuso. Dereva wake ameipita barabara unayoiulizia jana, akiwa na tani za mzigo, gizani. Mtafute baada ya kushusha, akiwa anakunywa chai. Anza na adabu: "Shikamoo mzee, za safari?" Halafu usimwulize kama barabara ni nzuri. Atakwambia nzuri, maana kwake barabara mbaya ni ile iliyokata. Mwulize mambo anayoyaona kwa mikono yake: kona ipi anaingiza gia ya pili, wapi maji yanavuka lami mvua ikinyesha, wapi mawe yameanguka mwezi huu, wapi wameongeza matuta, wapi anaogopa kukutana na basi. Mwulize pia siku za gulio katika vijiji vya njiani, kwa sababu siku ya gulio barabara ni ya watu na mbuzi, na gari lako ni mgeni. Majibu yake yaandike. Ukimnunulia sahani ya chipsi mayai, hujapoteza.

Utafiti wa pili ni wa bei nafuu: safiri njia hiyo mara ya kwanza kwa gari la kawaida, au kwa basi, ukiwa umekaa dirishani mbele. Hesabu matuta. Gari lililoshushwa halifi kwa kona, linafa kwa tuta lisilo na rangi wala kibao lililomwagwa mbele ya shule. Kama ni lazima ulipite, lichukue kwa mshazari, tairi moja baada ya nyingine, polepole kabisa. Rasta hazitakuumiza bampa, ila zitakulegezea kila nati ambayo fundi hakuikaza.

Sasa njia zenyewe, kuanzia ya karibu.

Kisarawe ni ya asubuhi moja. Unatoka Kariakoo, unashika Nyerere, unapita Tazara juu ya Daraja la Mfugale, Uwanja wa Ndege, Gongo la Mboto, mpaka Pugu Kajiungeni. Mpaka hapo ni mji tu, foleni tu, na ujenzi wa mwendokasi umebadilisha mpangilio wa njia, basi usitegemee kumbukumbu ya mwaka juzi. Baada ya Pugu lami inaanza kupanda, msitu wa hifadhi unasogea pande zote mbili, hewa inabadilika, na unapata kona fupi fupi za kulia na kushoto mpaka Kisarawe mjini. Si nyingi. Mtu wa Lushoto atakucheka ukiuita mlima. Lakini ni kilomita 30 na kitu tu kutoka nyumbani, na kwa gari ambalo halijajulikana tabia yake, kilima kidogo ndicho darasa. Hapo ndipo utajua kama breki zinavuta upande mmoja na kama shokapu za nyuma zimechoka, kabla hujaenda kuyajulia hayo penye korongo. Ukifika Kisarawe kunywa chai, geuka, urudie. Kushuka ni somo tofauti na kupanda.

Barabara hii ina historia inayomhusu mtu wa Kariakoo. Mwalimu Nyerere alikuwa akifundisha Pugu hadi alipojiuzulu 1955, huku TANU ikiwa imezaliwa 7 Julai 1954 kwenu, Mtaa wa Lumumba. Siasa za uhuru zilikwenda na kurudi kati ya vilima hivi na mtaa huo, na si kwa Altezza. Ukiwa na muda, ulizia mapango ya kaolini ya Pugu, ila gari liache penye lami.

Bagamoyo hadi Msata ni ya siku nzima, na naipenda kuliko inavyostahili. Yenyewe si barabara ya kona kali. Inainuka na kushuka, inapinda kwa upole, inavuka bonde la Ruvu ya chini, inapita Kiwangwa kwenye mananasi, na baada ya kilomita 64 inakutupa Msata kwenye barabara kuu ya kwenda Segera. Thamani yake ni kwamba mabasi mengi na malori ya masafa hayana haja nayo, na inakuwezesha kufanya mzunguko: unakwenda kwa Bagamoyo, unarudi kwa Chalinze, hakuna kurudia njia. Mpinde wa upole una ubaya wake. Unakudanganya kwamba unaweza kuongeza, na kijiji kinachofuata kimejificha nyuma yake. Kibao cha 50 kikisimama, simama nacho. Mbele yake mara nyingi pana mtoto mwenye dumu la maji, na pengine trafiki mwenye tochi chini ya mwembe.

Kutoka Kariakoo kwenda Bagamoyo, usipite Magomeni kwa mazoea. Alfajiri shika Bibi Titi, teremka hadi Barabara ya Barack Obama, uvuke Daraja la Tanzanite lililofunguliwa 2022. Ni kilomita moja tu juu ya bahari, lakini ni kilomita moja nzuri kuliko zote za mjini, na ukiipita kabla hapajapambazuka utakuwa karibu peke yako.

Tukija kwenye penyewe: Mombo hadi Lushoto.

Hii ndiyo barabara ambayo gari lako lilitengenezwa kwa ajili yake, hata kama waliolitengeneza Japani hawakuwahi kuisikia. Kutoka Dar es Salaam hadi Mombo ni zaidi ya kilomita 300. Utapita Msata au Chalinze, kisha Wami, Segera, unakata kushoto kuelekea Moshi, unapita Korogwe, na Mombo unaacha barabara kuu na kukabili ukuta wa Usambara. Kuanzia hapo ni kilomita 33 hivi. Njia ilichongwa enzi za Wajerumani, waliotaka kufika kwenye baridi ya juu kule walikokuita Wilhelmstal, na kwa kuwa hawakuwa na mashine za kuukata mlima, waliufuata. Ndiyo maana imepinda vile. Upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo lenye mto, lami nyembamba inayotosha magari mawili yakiheshimiana. Karibu na katikati ni Soni, na maporomoko yake yako kando ya barabara. Ukimaliza uko kwenye mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, na masikio yameziba mara mbili.

Ipe saa nzima. Atakayekwambia ameipanda kwa dakika 25 usimpongeze, maana amekatisha kona upande wa wenzake. Kona za huku hazionekani mwisho wake, na kinachokuja kutoka upande wa pili huenda ni Fuso ya kabichi inayoshuka kwa gia ya pili, nzito, isiyoweza kukusimamia. Kaa kushoto kwako hata kama kulia panaonekana patupu. Piga honi fupi kabla ya kona iliyofungwa na mwamba. Punguza mwendo kabla ya kuingia, si ndani yake. Ndani shikilia tu. Ukishaiona njia inafunguka, rudisha mafuta kidogo kidogo. Macho yaende mbali, kule kona inakoishia, kwa sababu mikono hufuata macho. Mkikutana pembamba, anayepanda apishwe, kwa sababu kuanza upya mlimani na mzigo ni kazi. Na ukimkuta mzee wa Kisambaa na punda au mama mwenye tenga la pea, simama kabisa. Wao hawakuja kwa ajili ya kona.

Malori yana lugha yake, na utaikuta njia nzima tangu Chalinze. La mbele likiwasha indiketa ya kulia maana yake usipite, kuna kitu kinakuja. Likiwasha ya kushoto linakwambia pita. Ichukue kama fununu. Dereva yule hajui gari lako lina nguvu kiasi gani, na indiketa ya kulia inaweza kuwa anakata kona kweli. Pita unapoona kwa macho yako. Kwenye kipande cha Mombo na Lushoto nakushauri usipite kabisa, kaa nyuma, acha nafasi, furahia mandhari.

Kushuka ndiko kunakovunja magari. Breki zikikanyagwa mfululizo kwa nusu saa zinapata moto, pedo inakuwa laini, halafu inakuwa haipo. Shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia. Kama gari ni otomatiki, toa kwenye D, weka gia ya chini na acha injini ivute. Kanyaga breki kwa nguvu kidogo, achia, zipumue, kuliko kuziburuza. Ukisikia harufu ya kuungua, tafuta sehemu pana ya kusimama, uziache zipoe zenyewe. Usimwagie diski maji, zitapinda.

Msimu una neno lake. Masika, Machi hadi Mei, acha: mwamba unalegea, mawe yanaanguka, na mara nyingine udongo unafunga njia. Juni na Julai ukungu unaweza kukaa barabarani hadi saa tatu asubuhi, na ukungu unataka taa za chini, maana fulu inakurudishia ukuta mweupe usoni. Kuanzia Agosti hadi vuli ianze ndipo patamu. Juu ya Lushoto, njia za kwenda kwenye miamba ya Irente na kwingineko hazilifai gari la chini. Liache ulipolala, panda bodaboda ukaone bonde zima la Mombo kutoka juu.

Kuna njia mbili utakazoshauriwa na rafiki zako, nami nakukatalia. Kitonga, kule Iringa, ni kona za picha kweli, lakini ni barabara kuu ya Zambia na Kongo. Utaipanda nyuma ya tanki la mafuta linalokwenda kilomita 15 kwa saa, na mwenye pupa ya kulipita ndiye anayetangazwa redioni. Mikumi nayo inapita katikati ya hifadhi. Pale kuna tembo, twiga na nyani wasiojua bei ya bampa lako, na ukigonga mnyama unalipa faini kwa kadiri ya aina yake. Zipite kama abiria.

Maandalizi yanaanzia siku chache kabla, na tena uko mahali pake. Maduka ya spea ya Gerezani na Shaurimoyo yako hatua chache kutoka kwako, basi usiondoke na kitu cha kubahatisha. Anza na matairi. Ubavuni kuna tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na kashata nzuri na mpira uliokufa, na muuzaji atalipaka mafuta ling'ae. Soma tarakimu, usisome mng'ao. Upepo pima asubuhi kabla gari halijatembea, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango. Breki pedi, oili ya breki kama imekuwa nyeusi ibadilishwe, na rejeta iwe na kulanti, si maji ya bomba. Gari linalochemsha foleni ya Jangwani litapasua gasketi kabla halijaiona Soni. Mwambie fundi wazi kuwa unakwenda mlimani, atakagua tofauti. Na akikwambia "hiyo itakufikisha tu", mwulize kama na yeye angeipandia na watoto wake.

Beba spea tairi halisi. Magari mengi ya spoti huja na kile kitairi chembamba cha dharura au kopo la gundi, na kilomita 300 kutoka nyumbani vyote viwili ni mzaha. Jeki, spana ya magurudumu, mtungi wa kuzimia moto na pembetatu za kuakisi ni vya lazima, na trafiki atavitaka. Leseni na bima hakikisha havijaisha. Angalia pia kama namba ya gari haina deni la faini la zamani, maana likisomwa barabarani litakula muda wa kona. Mafuta jaza Segera au Korogwe.

Ondoka saa kumi na moja alfajiri. Huo si ushauri wa mapambo, nusu ya safari nzuri ni saa ya kutoka. Saa hiyo Kariakoo mikokoteni imelala au iko upande wa shehena, na foleni haijazaliwa. Ukichelewa mpaka saa moja umekwisha: umeungana na mabasi yaliyotoka Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, na ukifika Vigwaza kwenye mizani malori yamepanga mstari. Ukitoka mapema na kwenda kwa mwendo wa vibao, Mombo utaiona kabla ya saa sita mchana. Utapanda mlima kukiwa na mwanga, na hilo ni sharti: usiupande wala kuushuka usiku kwa mara ya kwanza.

Mkienda kundi, magari matatu au manne yanatosha. Mkubaliane vituo, si nani atatangulia. Aliye mbele awe mwenye gari dhaifu kuliko yote. Kushindana barabarani ni kosa la jinai, na vijiji vinakumbuka namba za magari. Mwenye hamu ya saa na ushindi ana mahali pake: mbio za magari zipo nchini kwa kanuni, na ukanda huu unazijua tangu Safari Rally ilipoanza 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Nunua helmeti, jiandikishe, barabara ifungwe kwa ajili yako kihalali.

Kurudi, lala Lushoto Jumamosi na ushuke Jumapili baada ya ukungu kuondoka na breki zikiwa baridi. Usijaribu kuwahi. Jioni ya Jumapili Kibaha mpaka Kimara ni ya mji mzima unaorudi shambani na harusini, na hapo njia nane hazisaidii. Ni afadhali ukatie Msata, upite Kiwangwa ununue nanasi, uingilie Bagamoyo na Tegeta, hata kama ujenzi wa mwendokasi utakushika kidogo Mwenge. Jumatatu, kabla ya kufungua duka, mpitishie fundi Gerezani: apandishe gari, atoe magurudumu, aangalie pedi zimebaki unene gani na bushi zipi zimepasuka. Kama pedi za mbele zimeisha kuliko ulivyotegemea, ulishuka kwa breki badala ya gia.